Daftari Ndani ya Programu: Ofisi Ndogo ya Uhasibu na Muuzaji Wake



Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani daftari hilo lilikuwa la karatasi, na mwenye duka aliweza kulishika mkononi, kulifungia kabatini na kulibeba alipohama. Leo daftari la duka lako, la kikundi chako cha kuweka na kukopa au la kampuni yako changa huenda limo ndani ya programu ya kompyuta katika ofisi ya mhasibu wako. Mhasibu naye amenunua au amekodi programu hiyo kwa mtu mwingine. Hivyo kati yako na hesabu zako wapo watu wawili, na mmoja wao hujapata kumwona.

Somo hili linahusu mtu huyo wa pili, yaani muuzaji wa programu, na namna ofisi ndogo ya uhasibu inavyopaswa kujenga naye uhusiano wa kudumu. Linawahusu wenye ofisi hizo, ambao mbele ya muuzaji wa programu ni walaji kama wengine. Linawahusu pia wateja wao, kwa kuwa uhusiano huo ukivunjika vibaya, hesabu zinazopotea ni za mteja.

Lengo la somo

Baada ya kusoma somo hili utaweza kutambua unayeshughulika naye unaponunua programu ya uhasibu, kupima gharama yake halisi, kuyaweka katika maandishi mambo ya msingi ya mkataba, na kufanya jaribio la kujua kama unaweza kuondoka na hesabu zako salama. Fundisho kuu ni hili: uhusiano imara na muuzaji ni ule unaokuwezesha kuondoka. Anayeweza kuondoka husikilizwa anapolalamika, na akiamua kubaki, anabaki kwa hiari yake.

1. Kwa nini ofisi ndogo hujiona dhaifu

Tuchukue mfano wa kubuni. Mjini Morogoro ipo ofisi ya uhasibu yenye watumishi 4 na wateja 30: maduka ya vifaa vya ujenzi, mashine za kusaga, shule moja ya binafsi na vikundi kadhaa. Mbele ya kampuni ya programu yenye wateja katika nchi nyingi, ofisi hii ni tone baharini. Mwenye ofisi hupewa mkataba uliokwisha kuandikwa, anasaini, analipa, na siku ya hitilafu anapiga simu isiyopokelewa.

Hata hivyo ofisi hii ina nguvu ambazo mwenyewe hazihesabu. Kwanza, wateja wake 30 humwuliza mhasibu wanunue programu ipi ya dukani, na jibu lake huwa ni biashara kwa muuzaji. Pili, ofisi hutumia programu kila siku na kwa kazi za aina nyingi, hivyo huona kasoro mapema kuliko mnunuzi wa mara moja. Tatu, ofisi nne au tano za mji mmoja zikienda kwa wakala pamoja, zinaweza kuomba mafunzo ya pamoja, bei ya pamoja na fundi wa kufika mjini kwao. Muuzaji makini huvithamini vitu hivi, lakini hawezi kuvijua usipomweleza.

2. Mjue unayeshughulika naye

Katika biashara ya programu za uhasibu kwa kawaida kuna watu watatu, nao si mmoja. Wa kwanza ni mwenye programu, yaani kampuni iliyoitengeneza. Hapa nchini baadhi ya programu zinazotumika zina asili ya mbali: Tally inatoka India, QuickBooks ni ya kampuni ya Intuit ya Marekani, na Sage ni kampuni ya Uingereza. Zipo pia programu zilizotengenezwa na vijana wa hapa hapa. Wa pili ni wakala, anayeuza leseni na kutoa ankara. Wa tatu ni fundi, anayekuja kuisimika, kuwaingiza watumishi na kurekebisha hitilafu.

Mara nyingi mlaji huamini kwamba amenunua kwa mwenye programu, kumbe mkataba wake ni na wakala, na ahadi zote alizipewa kwa mdomo na fundi. Wakala akifunga ofisi au fundi akihama mji, hakuna anayezikumbuka ahadi hizo. Kabla ya kulipa, uliza: Leseni itaandikwa kwa jina la nani? Barua pepe ya msimamizi mkuu wa programu itakuwa ya nani? Ikiwa ni ya fundi, mwenye funguo za nyumba yako ni mtu mwingine. Sisitiza kwamba leseni iandikwe kwa jina la ofisi, na nywila ya msimamizi mkuu ishikwe na mwenye ofisi.

3. Bei ya mezani na gharama halisi

Turudi kwenye ofisi yetu ya mfano. Ameletewa mapendekezo mawili. Programu ya kwanza inalipiwa shilingi 60,000 kwa mwezi kwa kila mtumiaji, pamoja na msaada wa kiufundi na haki ya kuchukua taarifa zote wakati wowote. Kwa watumishi 4, hiyo ni shilingi 2,880,000 kwa mwaka, na shilingi 8,640,000 kwa miaka 3.

Programu ya pili inauzwa shilingi 3,000,000 mara moja, na kuanzia mwaka wa pili kuna ada ya shilingi 600,000 kwa mwaka. Kwa miaka 3 jumla ni shilingi 4,200,000. Kwa haraka mtu ataona kwamba hii ni nafuu kwa zaidi ya nusu.

Lakini mwenye ofisi akauliza maswali mawili zaidi. Fundi akija analipwa kiasi gani? Akajibiwa shilingi 150,000 kwa kila safari. Kwa safari 8 kwa mwaka, miaka 3 itagharimu shilingi 3,600,000. Je, nikihama, kutoa taarifa za wateja wangu ni bure? Akajibiwa kazi hiyo inatozwa shilingi 1,000,000. Jumla sasa ni shilingi 8,800,000, na ile programu ya nafuu imekuwa ghali kuliko mwenzake kwa shilingi 160,000.

Mfano huu hausemi kwamba malipo ya mwezi ni bora kuliko malipo ya mara moja. Ofisi inayohitaji fundi mara moja tu kwa mwaka ingepata hesabu tofauti kabisa. Unafundisha kwamba bei ipimwe kwa miaka 3, ikiwa pamoja na msaada, mafunzo, matoleo mapya na gharama ya kuondoka. Programu inayolipiwa kwa dola iongezewe pia tahadhari ya kupanda na kushuka kwa thamani ya shilingi.

4. Leseni ya mwaka 1, wajibu wa miaka 5

Hapa ndipo penye hatari ambayo wengi hawaioni. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi kutunza kumbukumbu zake kwa muda usiopungua miaka 5. Leseni nyingi za programu ni za mwezi mmoja au mwaka mmoja. Wajibu wako ni mrefu kuliko haki uliyoilipia.

Fikiri basi: ofisi inaacha kulipa leo, na baada ya miaka 3 mteja anaitwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania kueleza mauzo ya mwaka ule. Je, programu itafunguka ili hesabu zisomwe, hata kama haziwezi kubadilishwa? Au itaonyesha ukurasa wa kudai malipo? Swali hili liulizwe kabla ya kusaini, na jibu liwe katika maandishi.

Hatari hii haitokani na ubaya wa muuzaji. Kampuni inaweza kuondoka sokoni kwa sababu zake halali za kibiashara. Mwaka 2023 Intuit ilifunga huduma yake ya QuickBooks nchini India, na watumiaji wa huko walilazimika kuhamishia hesabu zao kwingine. Katika hali kama hiyo, ofisi iliyokwisha zoea kutoa nakala za taarifa zake hupata usumbufu. Ofisi isiyowahi kufanya hivyo huanza kujifunza kuogelea mafuriko yakiwa mlangoni.

5. Zoezi la mlango wa kutokea

Usingoje ugomvi ili ujue kama mlango unafunguka. Fanya zoezi hili kabla ya kununua, katika kipindi cha majaribio, kisha ulirudie kila baada ya miezi 6:

a) Chagua mteja mmoja mwenye miamala mingi.

b) Toa kwenye programu leja kuu yote, urari, orodha ya wadaiwa, orodha ya wadai na orodha ya mauzo yenye Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT.

c) Hakikisha taarifa hizo zimetoka katika mfumo wa jedwali unaoweza kufunguliwa na programu nyingine. Ripoti iliyofungwa kama picha ya karatasi hufaa kusomwa na kuchapishwa, lakini haifai kuhamishia hesabu.

d) Zima programu. Kwa kutumia jedwali peke yake, jumlisha debiti na krediti. Zilingane zenyewe kwa zenyewe, na zilingane na urari.

e) Chagua miamala 5 na uangalie kama kila mmoja una tarehe, namba ya risiti au ankara, jina la akaunti, kiasi na alama ya kodi.

f) Angalia kama kumbukumbu za nani alibadilisha nini na lini zinaweza kutolewa pia.

Zoezi hili huchukua asubuhi moja. Likifaulu, andika tarehe na uhifadhi nakala mahali pasipo chini ya muuzaji. Lisipofaulu, una jambo mahususi la kuzungumza na muuzaji, mapema na bila ghadhabu.

6. Siku intaneti inapokatika

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za mawasiliano zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora nchini Tanzania, Kenya na katika nchi nyingine za ukanda huu. Kwa mhasibu tarehe hiyo ilikuwa na uzito wake: ritani ya VAT huwasilishwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hivyo ya Aprili ilikuwa imebakiza siku 8.

Kuwasilisha ritani kunahitaji intaneti kwa kila mtu. Kuiandaa ni jambo jingine. Ofisi ambayo hesabu zake zote zilikuwa kwenye kompyuta za mbali, zinazofikiwa kwa intaneti tu, ilikuwa hatarini kushindwa hata kuanza kazi. Ofisi yenye nakala ya karibuni kwenye kompyuta yake iliweza kuendelea kuandaa, ikingoja mtandao urejee.

Kwa hiyo mwulize muuzaji: Programu inafanya kazi gani intaneti isipokuwepo? Nakala ya akiba hutolewa kila siku au kila juma, na huhifadhiwa wapi? Iliwahi lini kujaribiwa kwa kurejeshwa? Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni tumaini tu.

7. Siri za wateja

Ndani ya programu ya mhasibu kuna majina ya wafanyakazi, mishahara, namba za simu, namba za utambulisho wa mlipakodi na akaunti za benki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka wajibu kwa anayekusanya taarifa hizo na kwa anayezichakata kwa niaba ya mwingine, na inaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi.

Mwenye ofisi asidhani kwamba akishalipia programu amemwachia muuzaji jukumu lote. Mkataba ueleze taarifa zinahifadhiwa nchi gani, nani upande wa muuzaji anaweza kuzisoma, ofisi itaarifiwa ndani ya muda gani zikivuja, na zitafutwa lini uhusiano ukiisha. Fundi anayeingia kwenye kompyuta kutoka mbali afanye hivyo kwa ruhusa ya kila mara, na ruhusa ifungwe kazi ikiisha.

8. Kuandikiana ni kuheshimiana

Kwetu mtu akidai maandishi huonekana hana imani. Katika jambo hili tuiache desturi hiyo. Maandishi humlinda pia muuzaji dhidi ya mteja anayedai kisichoahidiwa. Angalau mambo haya yawe kwenye mkataba au kiambatisho chake:

– bei, muda wake, na notisi ya siku ngapi kabla ya kupandishwa;
– saa za msaada, na muda wa kujibu hitilafu inayosimamisha kazi;
– muda wa kurekebisha programu pale viwango au taratibu za kodi zinapobadilika;
– haki ya kuchukua taarifa zote, gharama yake, na siku ngapi baada ya mkataba kuisha;
– namna ya kusoma hesabu za miaka iliyopita baada ya kuacha kulipa;
– mkataba kujirudia wenyewe au la, na namna ya kuukatisha.

Soma kwa uangalifu kipengele cha kujirudia. Mkataba unaojirudia kimyakimya kila mwaka umewafanya watu kulipia programu waliyokwisha kuiacha.

9. Kuulea uhusiano

Baada ya kusaini, uhusiano unahitaji malezi. Lipa kwa wakati, kwa maana mteja anayelipa kwa wakati ana haki ya kusema kwa sauti. Teua mtumishi mmoja wa kuwasiliana na muuzaji, ili malalamiko yasiende kwa sauti nne zinazopingana. Weka daftari la hitilafu lenye tarehe, tatizo, aliyearifiwa na siku lilipokwisha. Kila baada ya miezi 3, keti na wakala kwa nusu saa na mlipitie daftari hilo pamoja. Badala ya kusema “programu yenu mbovu”, utaweza kusema: “Tangu Januari tumeripoti hitilafu 7, na 3 bado hazijashughulikiwa.” Kauli ya namna hiyo ina hesabu ndani yake, nayo ni vigumu kuipuuza.

Usisahau kushukuru palipo pema, na kumweleza muuzaji nini kimewarahisishia kazi. Wala usihame kwa sababu ya punguzo la msimu. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kuhama kuna gharama ya mafunzo, makosa ya mwanzo na usiku wa kulinganisha hesabu. Ukilazimika kuhama, hama mwanzoni mwa mwaka wa hesabu, na uendeshe programu zote mbili kwa mwezi mmoja au miwili ili ulinganishe urari.

10. Wewe mteja wa mhasibu, uliza haya

Huna haja ya kuijua programu. Una haja ya majibu manne. Je, mhasibu wangu amesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu? Hesabu zangu zimo katika programu gani, na leseni ni ya nani? Nikiomba nakala ya hesabu zangu leo, nitaipata lini? Tukiachana, nitaondoka na nini? Mhasibu mwema hatakasirika kuulizwa. Hesabu hizo kwake ni amana, na mwenye amana hujua alipoiweka.

11. Mambo yakiharibika

Anza kwa barua au barua pepe kwa muuzaji, ukiambatisha mkataba, risiti na daftari la hitilafu, na utaje muda unaotaka kupata jibu. Ikiwa ulipotoshwa kuhusu uwezo au bei ya programu, fahamu kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Jambo la taarifa binafsi hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mgogoro wa mkataba unaweza kufika mahakamani. Popote utakapokwenda, utaulizwa ushahidi wa maandishi kwanza. Kabla ya yote hayo, toa nakala ya hesabu zako ukiwa bado na uwezo wa kuingia kwenye programu.

Maswali ya kujipima

1. Leseni ya programu unayotumia imeandikwa kwa jina la nani, na nywila ya msimamizi mkuu anayo nani?
2. Kokotoa gharama ya programu yako kwa miaka 3, ikiwa pamoja na msaada na gharama ya kuondoka.
3. Ukiacha kulipa leo, utasomaje hesabu za miaka 5 iliyopita?
4. Mara ya mwisho kufanya zoezi la mlango wa kutokea ilikuwa lini?

Ikiwa swali la 3 limekukosesha jibu, usiende kwenye somo linalofuata. Mpigie muuzaji wako simu leo, kisha umwombe akuandikie jibu lake.